Madoa ya kahawia kwenye dari ya jipsamu wakati wa kiangazi: paa linavuja au bati linatoa jasho?

#1 MkaaziKiamunyi (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nilihamia nyumba yangu ya Kiamunyi mwezi wa Oktoba, na sasa tuko Februari. Paa ni lile la kufichwa nyuma ya parapeti, yaani ukuta mfupi unaopanda juu ya ukingo wa paa, lenye mteremko mdogo, limeezekwa kwa bati la geji 30 juu ya kenchi za mbao za saiprasi, na dari yote ni ya jipsamu iliyopigwa skimu na kupakwa rangi nyeupe. Katika wiki tatu zilizopita yamejitokeza madoa matatu ya kahawia. La kwanza liko chumba cha kulala, kando ya ukuta wa nje. La pili linazunguka taa ya jikoni. La tatu liko katikati ya korido, mbali na ukuta wowote wa nje.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba hapa kwetu hakujanyesha tangu baada ya Krismasi, na bado doa la korido linazidi kupanuka. Fundi aliyeezeka amekuja, akaangalia akiwa chini, akasema kosa ni la aliyepiga dari. Aliyepiga dari naye anasema yeye hashughuliki na maji, niende kwa wa paa. Ninawaomba mnisaidie kabla sijalipa mtu wa kubomoa kitu ambacho huenda hakina kosa.

#2 FundiKondele (Kisumu)

Pole, ndugu. Nimeezeka mapaa kwa miaka 19 na ninaposikia neno parapeti, jambo la kwanza ninalouliza ni mfereji wa ndani. Paa lenye upenu hutupa maji nje ya nyumba, kwa hiyo hata mlizamu ukiziba, maji hudondoka uani na hasara ni matope tu. Paa la kufichwa hukusanya maji yote juu ya ukuta wako, kisha huyategemea matundu mawili au matatu yayaondoe. Tuseme paa lako lina mita za mraba 120: mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja, jambo ambalo si geni kwetu, inamwaga lita 4,800. Jani moja la mparachichi likikaa kwenye tundu, maji yanapanda hadi yavuke ukingo wa bati na kuingia ukutani.

Usidanganywe na kiangazi. Ukuta wa mawe hunywa maji polepole na huyatoa polepole. Maji yaliyoingia mwezi wa Desemba yanaweza kukuonyesha doa Januari. Panda juu, usafishe mfereji, uangalie viungo vyake, na hasa pale flashingi, ule ukanda wa bati unaoziba paa linapokutana na ukuta, inapoingia kwenye ukuta wa parapeti, kwa maana mafundi wengi huipaka silikoni badala ya kuikatia mtaro ndani ya plasta.

#3 MwalimuKitale

Fundi amesema kweli kuhusu mifereji, na maelezo yake yanatosha kwa doa la chumba cha kulala. Hayatoshi kwa doa la korido, ambalo mwenye uzi ameeleza kwamba liko mbali na ukuta. Ninafundisha fizikia katika shule ya upili, na ninaomba tuutazame usiku wenyewe.

Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, bati hutoa joto lake kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana gari lililolala uwanjani huamka limelowa umande, ilhali lililolala chini ya mti mkubwa huamka kavu. Upande wa chini wa bati nao hukutana na hewa yenye mvuke iliyopanda kutoka vyumbani, na mvuke huo hugeuka matone. Msidhani ni maji kidogo: utando wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukitandaa kwenye zile mita 120 za Fundi, ni lita 12. Matone huteleza kufuata mteremko hadi yakutane na pau (mbao inayobeba bati) au ncha ya skrubu, na hapo hudondoka mahali pale pale usiku baada ya usiku. Hicho ndicho watu wanakiita jasho la bati.

Ushauri wangu ni rahisi. Zungushia kila doa mstari wa penseli leo, andika tarehe, na kila asubuhi uandike kama anga ilikuwa wazi au yenye mawingu. Doa linalokua baada ya usiku wa nyota ni la jasho.

#4 BintiShinyalu (Kakamega)

Mbona hakuna aliyetaja popo? Nyumbani kwa mama tulibadilisha ubao wa dari mara mbili tukidhani paa linavuja, kumbe popo walikuwa wamejaa kati ya bati na dari. Mkojo wao huacha doa la kahawia lenye ukingo wa manjano, na harufu yake hupanda mchana jua likichoma bati. Mwenye uzi anuse kwanza. Kisha akae nje saa kumi na mbili na nusu jioni, atazame pembe za paa. Popo hupita kwenye mwanya usiotosha kidole gumba, na mawimbi ya bati yanapokutana na ukuta huacha mianya mingi ya namna hiyo.

#5 JiraniNjoro

Mimi ninafikiri tatizo ni bati hafifu. Ungechukua geji 32, ambayo ni nene zaidi, lisingetoa jasho.

#6 FundiKondele

Ndugu JiraniNjoro, hapo umegeuza. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Kuna watu wameuziwa geji 32 kwa bei ya 30 kwa sababu ya kutolijua hilo, kwa hiyo ni vizuri limesemwa hapa mbele ya wote.

#7 MwalimuKitale

Ninaongezea kwamba unene wa bati haubadilishi jambo la jasho. Bati zuri na bati baya yote hupoa usiku. Kinachobadilisha ni kama kuna foili au kitu kingine cha kuzuia joto chini yake, na kama hewa ina njia ya kuingia na kutoka.

#8 SeremalaMbale (Vihiga)

Nimesoma wote na ninaona mbao zimesahaulika. Ninauliza: mbao za kenchi zilikuwa zimekauka? Tangu serikali ilipozuia ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zilipanda bei, na sisi maseremala tulianza kuletewa mikaratusi ya mashambani iliyokatwa wiki ile ile. Zuio liliondolewa mwaka 2022, lakini tabia ya kuuza mbao mbichi haikuondoka nalo. Mbao mbichi ikipigiliwa juu ya dari hufanya mambo mawili. Hujikunja inapokauka, ikavuta bodi za jipsamu hadi viungo vikapasuka. Na hutoa utomvu wenye rangi ya chai, ambao ukichanganyika na unyevu kidogo tu hupenya karatasi ya jipsamu na kuacha doa la kahawia hasa. Maji safi ya jasho hayana rangi, Mwalimu. Rangi hiyo imetoka wapi?

#9 MchoraRamani (Nakuru)

Seremala, sahihisho dogo: zuio liliondolewa Julai 2023, si 2022. Ninakumbuka kwa sababu nilikuwa na mteja aliyesimamisha ujenzi kungoja mbao zishuke bei.

Kuhusu rangi, swali lako ni zuri, lakini utomvu si jibu pekee. Juu ya kila dari kuna vumbi, na Nakuru ina vumbi jingi. Tone likipita kwenye vumbi, kwenye mbao na kwenye ncha ya skrubu yenye kutu, hufika chini likiwa na rangi ya chai hata kama lilianza likiwa safi kama la mvuke wa birika.

Ninapenda kuleta jambo ambalo katika kazi yangu ya ramani naliona kila mwaka. Nyumba hii ina miezi minne. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na takribani lita 25 za maji, mara nyingi zaidi, na karibu nusu ya maji hayo hayashikani na saruji kabisa. Hubaki ndani ya plasta na sakafu hadi yatoke kama mvuke. Hesabuni mifuko iliyoingia kwenye plasta ya ndani na sakafu ya nyumba ya vyumba vitatu, kisha mjiulize mvuke wote huo ulikwenda wapi baada ya mwenyewe kuhamia na kufunga madirisha kwa sababu ya baridi. Ulipanda juu. Na njia yake ilikuwa zile taa za kuzamisha. Kila taa ya kuzamisha kwenye jipsamu ni tundu la duara, na tundu hilo hufanya kazi kama bomba la moshi: hewa ya joto ya jikoni hupanda humo na kukutana na bati baridi. Doa linalozunguka taa ya jikoni ninalisoma hivyo.

Zamani paa lilikuwa na upenu, na chini ya upenu kulikuwa na matundu yenye wavu, kwa hiyo hewa ilipita. Paa la kufichwa tumelifunga pande zote nne kwa ukuta ili nyumba ionekane kama sanduku, na wengi wetu tunaochora tumesahau kuacha matundu kwenye huo ukuta. Hilo ni kosa la meza yangu na meza za wenzangu kabla ya kuwa kosa la fundi yeyote.

#10 MkaaziKiamunyi

Asanteni sana. Nimefanya kazi ya nyumbani. Paa langu ni mita za mraba 140, kwa hiyo zile lita za Mwalimu ni 14.

Leo alfajiri, saa kumi na moja, nilipanda kupitia mlango wa dari nikiwa na tochi. Upande wa chini wa bati ulikuwa umejaa matone kama jasho la paji la uso, hasa sehemu ya juu ya jikoni na korido. Niliogopa, kwa kweli. Lakini nilipotambaa hadi upande wa chumba cha kulala, nilikuta bati ni kavu kuliko kwingine, na bado ukuta wa parapeti ulikuwa na ubichi chini ya mfereji, nikaugusa kwa mkono. Sikuona popo, wala kinyesi chao, wala harufu. Niliona mbao mbili zilizopinda waziwazi, moja yake ikiwa juu kabisa ya doa la korido.

Tena nina swali lingine. Kila asubuhi kama saa tatu, paa hulia kwa kishindo, kama mtu amelipiga kwa nyundo. Je, linahusiana?

#11 MwalimuKitale

Linahusiana. Chuma hutanuka kwa joto, takribani sehemu 12 kwa milioni kwa kila digrii moja. Bati la mita 6 likipanda digrii 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka karibu milimita 3. Skrubu hulizuia, bati hujikaza, kisha huachia ghafla, na huo ndio mshindo. Milimita 3 kila siku, kwenda na kurudi, kwa mwaka ni mara 365. Raba iliyo chini ya kichwa cha skrubu huchoka, na tundu la skrubu hupanuka likawa refu kama yai.

#12 FundiKondele

Mwalimu, kwa hiyo umekuja upande wangu! Tundu lililopanuka ni mvujo, na mvujo ni kazi yangu. Ninashukuru kwa hesabu hiyo, nitawaeleza vijana wangu, kwa kuwa wengi hukaza skrubu kwa mashine hadi raba inapasuka siku ile ile ya kwanza.

Ule ubichi chini ya mfereji, bwana Mkaazi, ninausimamia. Bati kavu na ukuta mbichi maana yake maji hayo hayakutoka kwenye bati.

#13 NyarAhero

Salamu kutoka Ahero. Sisi huku chini kwenye uwanda tatizo letu ni joto, si jasho. Niliweka dari ya plastiki katika nyumba ya kupangisha kwa sababu haiogopi maji wala mchwa na fundi huimaliza kwa siku mbili. Nimejuta upande mmoja: iliwekwa chini mno, futi nane kutoka sakafuni, na mchana juu ya dari huwa kama tanuri. Karibu na taa zinazotoa joto vipande vimelegea na kuning'inia. Wapangaji wangu hukaa nje hadi jua lizame.

Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa ya nyasi, mteremko mkali, na katikati ya kilele palisimama osuri, mti ule ambao kwetu huonyesha kwamba mwenye boma yupo hai. Ndani hakukuwa na dari hata kidogo. Moshi wa jiko ulipanda ukapita ndani ya nyasi zenyewe, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Hakuna aliyewahi kuona tone likidondoka kutoka kwenye nyasi. Ninaposoma MchoraRamani akisema hewa haina njia, ninaona kwamba nyanya alikuwa na njia hiyo katika kila unyasi.

#14 BintiShinyalu

NyarAhero, nyasi za nyanya yako zilihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na leo nyasi zenyewe utazikata wapi? Lakini kuhusu moshi ninakubaliana nawe.

#15 MzeeKericho

Wanangu, nimefuata mjadala huu tangu jana. Huku kwetu mvua ya mawe ni jambo la kawaida, na bati jembamba hubonyea likawa kama sufuria iliyoanguka. Kila kibonyeo kwenye mteremko mdogo ni kidimbwi, na kidimbwi kikikaa juu ya skrubu hutafuta njia ya kushuka. Mwenye uzi aangalie vibonyeo.

Neno la pili ni kwa wote wanaosema wapande juu ya paa na dari. Nimeishi katika nyumba za zamani za kazini, zilizojengwa enzi za mkoloni. Zilikuwa na dari za mbao za kuchomekeana, urefu wa futi kumi, na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Sikuwahi kuona doa. Lakini baadhi ya nyumba za aina hiyo zina mapaa ya asbesto, na hata dari za asbesto. Ukikuta bamba la kijivu, gumu, la mawimbi manene, usilikate, usilitoboe, wala usilifagie likiwa kavu. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Mwite mwenye kibali cha kuliondoa.

#16 SeremalaMbale

Asante kwa sahihisho la mwaka, MchoraRamani, na shikamoo Mzee.

Mkaazi amesema mbao iliyopinda iko juu kabisa ya doa la korido. Ninaomba mlipe jambo hilo uzito. Pau iliyopinda hulibonyeza bati upande mmoja na kuliinua upande mwingine, maungio ya bati yakafunguka. Kwenye mteremko mdogo maungio ya mwisho yanatakiwa yapandiane kwa upana wa kiganja na zaidi, lakini wengi hubana ili kuokoa bati moja. Kwa hiyo huenda jasho mnaloliona ni la kweli, na bado linadondoka pale kwa sababu mbao yangu, yaani mbao mbichi, ndiyo iliyolielekeza hapo.

#17 MkaaziKiamunyi

Siku tisa zimepita, na ninaleta daftari kama Mwalimu alivyoagiza.

Usiku sita ulikuwa wa anga wazi, na mitatu ilikuwa na mawingu. Doa la jikoni lilivuka mstari wa penseli baada ya usiku wazi minne kati ya ile sita, na halikusogea hata mara moja baada ya usiku wa mawingu. Nilifunga taa hiyo kwa juu kwa kifuniko, nikaanza kuacha dirisha la jikoni wazi tunapopika, na tangu hapo halijakua. Doa la korido lilikua usiku wote, wa mawingu na usio wa mawingu, kidogo kidogo. Doa la chumba cha kulala halikukua kabisa hadi juzi, fundi kijana aliponisaidia kumimina maji kwa mpira kwenye mfereji, akianza chini na kupanda taratibu kama alivyoshauriwa na wenye uzoefu. Tulimwaga kwa saa nzima. Ukuta ulianza kulowa jioni, lakini doa lenyewe lilibadilika asubuhi ya pili.

Kwa hiyo la chumba cha kulala ninampa Fundi, la jikoni ninawapa Mwalimu na MchoraRamani. La korido limenishinda.

#18 MwalimuKitale

Doa linalokua usiku wa mawingu linanipinga, na ninakubali. Lakini umande unaweza kubaki ndani ya mbao na kushuka kesho yake. Pima tena ukiwa umetandaza karatasi ya plastiki juu ya dari hapo.

#19 MchoraRamani

Au ni plasta ya korido, ambayo haina dirisha na hukauka mwisho kuliko vyumba vyote. Una bomba la maji linalopita juu ya hapo? Hujataja tangi.

#20 MkaaziKiamunyi

Tangi liko nje juu ya mnara, lakini bomba la maji ya moto kutoka kwenye paneli ya jua linapita juu ya korido. Sikuwa nimelifikiria.

#21 FundiKondele

Basi funga koki ya bomba hilo siku mbili kabla ya kugusa bati lolote, kisha uturudishie daftari.